Mpima mashamba wa Uvira akosolewa mbele ya dunia

Saa moja asubuhi, umande ungali kwenye majani, Concilie Uwimana anavua viatu na kuingia katikati ya mpunga wa watu, ncha ya kamba mkononi. Huku Uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya mji wa Uvira, hilo halifanyiki. Kamba ya kupimia hupita pembeni, mpunga ukaachwa usimame.

"Polepole! Weye unakanyaga chakula yangu," anapiga kelele mwenye shamba, mjane Pudentienne, nusu akicheka.

Concilie, miaka 36, hufundisha hisabati sekondari mtaani Rugenge. Jumamosi hupima mashamba ya urithi. Miaka minne iliyopita aliandika programu ya simu: unaingiza urefu wa pande nne, inakupa eneo. Akaiacha wazi, kila mtu aone ilivyoandikwa na aitumie bure.

Mwaka huu akathubutu kuipeleka kwenye jarida la ng'ambo linalochapisha programu za hisabati. Huko uhakiki hufanyika hadharani. Maswali na majibu husomwa na yeyote. Alitarajia pongezi. Akapata swali la mstari mmoja kutoka kwa mhakiki asiyewahi kumwona: pande nne zikibaki zilezile lakini kona zikainama upande mmoja, eneo linabakije lilelile?

"Nilisoma mara tatu. Nikachora shamba kwa karatasi," anasema. "Ile kitu ninafundisha watoto kila mwaka! Lakini kwa shamba, minye nilikuwa nafuata tu desturi ya kamba."

Kilikosekana kipimo cha tano, toka kona hadi kona, na hapo lazima ukanyage mpunga. Programu ilikuwa ikikisia tu, kana kwamba kila shamba limenyooka kona kama meza.

Angeweza kurekebisha kimya kimya. Lakini alikwisha kupima mashamba sitini na moja kwa programu hiyo. Hili la Pudentienne lilitoka mita za mraba 2,400, sawa na la shemeji yake Cyprien, na familia ikagawana hivyo.

Mficha uchi hazai. Concilie akaandika kosa lote kwenye ukurasa wa jarida, kisha akaanza kupiga hodi kwa wateja. Zamani wateja wapya kumi na watano walimwita kwa mwaka. Mwaka huu ni wawili. Inamuuma, wala hafichi.

Leo simu inasema 1,984. Cyprien, aliyeshika ncha ya pili ya kamba, anarudi kona ya kwanza. Anapima tena mwenyewe. Inatoka ileile.

"Iko kweli," anasema mwishowe. "Tutakata kwa yangu, tumuongeze. Ila nayo uipime vilevile, na mupunga wangu ukanyage."

Jarida bado halijaamua. Concilie anataka shamba hili liwe jaribio la kwanza ndani ya programu: yeyote atakayeiweka kwenye mashine yake, popote duniani, ianze kwa kukokotoa vipimo vyake vitano, na isipopata 1,984 ikatae kazi. Anamwomba mjane ruhusa.

"Andika na jina yangu," anajibu Pudentienne, akiinua mche uliolala. "Wajue iko shamba ya muntu."