Kipande cha Soseji Kilichomkaba Harlan Dobbs

Loretta Szymko aliuza hotidogi, soseji ndani ya mkate, kwenye uwanja wetu wa besiboli hapa Toledo kwa miaka thelathini na moja. Mimi nilikuwa nikiwaonyesha watu viti vyao kwenye jukwaa la watazamaji alilouzia, kwa hiyo nilimjua vizuri: mfupi, mabega mapana, sanduku la soseji za moto likining'inia kwa mkanda shingoni, mkono mmoja unapaka haradali na mdomo unamtania mteja.

Mteja wake mkubwa alikuwa Harlan Dobbs, fundi vioo mstaafu. Alikula hotidogi mbili kila mchezo, vitunguu kibao. Loretta alizoea kumwambia, "Kula taratibu, mzee, soseji haina miguu." Naye alimjibu kwamba amekuja kutazama mchezo, hakuja kulelewa.

Jumapili moja ya Julai, katikati ya raundi ya saba, uwanja mzima ulisimama kuimba kama tunavyofanya siku zote. Harlan naye akasimama, shavu limejaa. Nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake. Nikaona mdomo uko wazi, nikadhani anaimba. Uso ulikuwa umeiva, nikadhani ni jua. Nikamtabasamia. Mpaka leo sijalisahau tabasamu lile.

Loretta ndiye aliyeelewa. Alivua mkanda, sanduku likaanguka, soseji zikabiringika ngazini. Akawasukuma watu, akamkumbatia Harlan kwa nyuma, akakaza ngumi chini ya kifua, akavuta kwa nguvu. Akavuta tena. Miguu ya Harlan ilikuwa imeanza kulegea. Mara ya nne kipande kikaruka, kikatua kwenye kofia ya bwana mmoja wa safu ya mbele, na Harlan akavuta pumzi kwa mkwaruzo uliotisha kuliko kimya chake. Wimbo ulikuwa bado haujaisha.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walipomchukua Harlan, Loretta aliketi ngazini katikati ya soseji zake. Nikaketi kando yake.

"Nimempa mimi," akasema, akiangalia kiganja chake. "Kwa mkono huu."

Hospitali walikuta ubavu mmoja umepasuka, basi. Lakini Loretta hakuja kazini michezo mitatu. Msimamizi alimpigia kumweleza kwamba hakuna anayemlaumu, lakini Loretta hakubadili mawazo. Ikabidi Harlan mwenyewe aende kwake, akitembea kama aliyemeza ubao. Alinisimulia kwamba Loretta alifungua mlango akabaki ameshika kitasa, kana kwamba ameona maiti.

"Umenivunja ubavu, mama," Harlan akamwambia. "Angalau rudi uniuzie chakula."

Alirudi. Safari hii, kabla ya kumpa, aliikatakata soseji vipande vidogo kwa kisu cha plastiki. Harlan akavitazama.

"Mimi si mtoto, Loretta."

"Najua. Watoto wanatafuna."

Harlan akala, na Loretta akasimama palepale mpaka alipomeza kipande cha mwisho, wateja wengine wakimpungia mikono bure.

Mimi wiki ile nilijiandikisha kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Mwalimu akauliza kama kuna aliyewahi kumwona mtu aliyekabwa na chakula. Nilinyoosha mkono. Akaniomba nieleze nilifanya nini, nami nikasimama mbele ya wenzangu, nikasema, "Nilimtabasamia."