Mwamvita Awasha Kipara

Nani aliyekudanganya kwamba mlima usio na mti hauna mwenyewe? Nauliza kwa sababu watu wazima, waliovaa viatu vya kung'aa, walikuja kijijini kwetu upande wa Wamaza wakalisema neno hilo bila haya. Kipara, ule mlima wetu wa mawe na nyasi kavu, usio na kisima wala nyumba, waliuita jangwa.

"Kule juu ni jangwa tu," alisema Jean-Paul, rais wa koperative moja ya wachimba dhahabu. "Hakuna mutu, hakuna shamba. Sasa ni ya nani?"

Alijua alichokuwa akiuliza. Kwetu mlima ni wa ukoo unaouchoma. Kila mwisho wa kiangazi wenye mlima huwasha nyasi kileleni ili zichipuke upya, na hakuna ukoo mwingine unaothubutu kuwatangulia. Lakini tangu vita vitukimbize, Kipara haukuwa umechomwa. Jean-Paul alitaka baba yangu, Gérard, mkubwa wa ukoo, asimame mbele ya chefu, mtawala wa eneo letu, Jumamosi na kutamka kwamba mlima hauna tena mwenye kuuchoma. Baada ya hapo wangepanda na mashine zao, na chemchemi zinazotoka ubavuni mwake na kunywesha mashamba yetu zingegeuka matope.

Baba alikubali. Alisema watu wa dhahabu wana marafiki wenye bunduki, na yeye amekwisha kuzika watu wa kutosha.

Aliyekataa ni shangazi yangu Mwamvita, mdogo wake baba. Ni mjane mwenye mashamba mawili ya muhogo, sauti inayosikika ng'ambo ya mto, na goti moja lililoharibika wakati wa vita, alipombeba mama yake mgongoni kuelekea Kasongo. Aliporudi na kukuta nyumba yake majivu, alishika jembe kwanza. Kwa miezi alilala chini ya turubai, akisema muhogo hauwezi kumngoja yeye ajenge.

Alhamisi mchana nilimkuta akimenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Aristote, kesho uko na kazi?"

"Kazi gani, shangazi? Diploma yangu inalala ndani ya sanduku."

"Basi iache ilale. Tunapanda Kipara, tunawasha moto, tunashuka mbele ya jua kuanguka."

Baba alimsikia akatoka nje.

"Weye Mwamvita! Mwanamuke anachoma mulima tangu lini?"

"Tangu wanaume wachoke, yaya," shangazi alimjibu kaka yake.

"Na hilo goti?"

"Goti nitabeba mimi. Weye utabeba nini? Maneno ya Jean-Paul?"

Baba alirudi ndani. Shangazi akaendelea kumenya na kunipangia safari. Tungeondoka jogoo wa kwanza, kwa sababu kwa mwendo wake kupanda kungekula nusu ya siku, na hakuna anayelala kule: maji hakuna, na giza likiingia barabara ni ya wenye silaha. Bidon moja ya maji tungekunywa tukipanda. Ya pili isiguswe mpaka kileleni. Tungebeba karanga, muhogo wa kuchoma, mapanga, na kiberiti ndani ya plastiki. Kwanza tungefyeka njia pana ya kuzuia moto juu ya shamba la Cadette, jirani yetu, kwa kuwa ndilo pekee linalopakana na nyasi za mlima.

Nilisema tubebe pia bendera ya nchi, niisimike kileleni.

"Ya nini? Weye beba maji."

Nikasema basi tuwashe kutoka chini, moto upande kwa kishindo, eneo letu zima la Lusangi liuone.

"Unataka kutuchoma weye na mimi, ndiyo wakuone vizuri?" Akacheka hadi kisu kikamtoka mkononi. Moto, aliniambia, ungewashwa juu, ushuke polepole ukipingana na upepo, na sisi tungerudi kwa upande wa mawe, ambako hauna cha kula.

Ijumaa tulifyeka juu ya shamba la Cadette, naye Cadette akashika panga bila kuombwa. Kisha tukapanda. Njiani, karibu na mashimo yaliyochimbwa kupima dhahabu, alitusimamisha Muhindo, mlinzi wa koperative, kijana aliyetoka Butembo kutafuta maisha.

"Mama, munaenda wapi?"

"Juu."

"Juu kuko nini?"

"Kuko kwetu."

Muhindo alimtazama, akatazama goti lililofungwa kitenge.

"Miye wananilipa kulinda mashimo," alisema hatimaye. "Juu hawakuniambia kitu." Akasogea pembeni.

Sehemu ya mwisho shangazi aliipanda akiwa ameshika mizizi na mawe, akitukana kila jiwe kwa jina la Jean-Paul. Kileleni hapakuwa na kivuli cha kumfunika hata kuku. Upepo mtupu, nyasi za rangi ya simba, na kwa mbali moshi wa mji wa Salamabila. Hilo ndilo jangwa lao. Mimi niliona maji yetu yakianzia chini ya miguu yangu.

Shangazi hakutoa hotuba. Aliinama, akapiga kiberiti, upepo ukakizima. Akapiga kingine, akakificha kwa kitenge chake. Nyasi zikashika.

Tulifika nyumbani jua likigusa miti, na mlima mzima ulikuwa na mshipi mwekundu kiunoni. Baba alikuwa amesimama uani akiutazama.

Jumamosi asubuhi Jean-Paul alikuja na pikipiki kumchukua baba kwenda kwa chefu. Baba alikuwa amekwisha kuvaa koti. Kabla hajapanda, wawindaji wawili wasiotujua wakaingia uani na mbwa zao, kutoka ng'ambo ya Kipara. Kwetu anayeua mnyama aliyekimbia moto humpelekea mwenye moto mguu wa nyuma kabla yeye mwenyewe hajaonja nyama. Walikuwa wamebeba mguu wa paa, umefungwa kwa majani.

"Mzee," mmoja alimwambia baba, "tumeuona moto wenu. Tumeleta sehemu ya mwenyewe."

"Mzee Gérard, tunachelewa," alisema Jean-Paul.

Baba aliupokea mguu kwa mikono miwili. Damu ilidondokea koti lake safi. Kisha akaipita pikipiki, akaenda jikoni, ambako shangazi alikuwa ameketi akilikanda goti lake kwa maji moto.

"Mwamvita," alisema, kwa sauti ambayo kila mtu uani aliisikia. "Pokea. Ni ya mwenye mulima."

Jean-Paul aliwasha pikipiki, akaondoka na kiti cha nyuma kitupu.