Jina Tulilokatazwa Kulitaja

Nilipokuwa mtoto kule Bumula, jina la mama yangu lilikuwa mwiko. Alikuwa Nasimiyu, kama marehemu shangazi yake. Mama alipozaliwa alilia bila kunyamaza, wazee wakamtajia majina ya wafu moja moja, na lilipotajwa la Nasimiyu akashika titi. Basi likawa lake. Hakuna aliyejali kwamba marehemu huyo alikuwa akijifungia nyumbani misimu mizima bila kusema na mtu.

Mama naye akaanza. Mahindi yalikauka shambani, yeye amelala akiutazama ukuta. Nilimpelekea uji ukapoa mpaka ukafanya ngozi juu. Niliogopa atakufa.

Kukhu, nyanya mzaa mama, alikuja akakata shauri. "Huyu si mgonjwa. Ni mwenye jina amerudi."

Kuku akachinjwa, mama akaitwa Nekesa, nasi watoto tukaonywa tusithubutu kulitamka lile la zamani. Kuku mwenyewe aliletwa na mjomba Wafula, kaka yake mama, aliyekuwa amelewa busaa tangu asubuhi. Alitukana wageni, akavunja kiti, akaenda kulia nyuma ya choo. Tulimcheka sana. Jina lake halikuguswa.

Mama aliamka, akavuna, tukashangilia. Kisha akarudi kitandani. Kukhu akasema bila shaka kuna mtoto amelitaja jina.

Mwaka huu, baada ya kujifungua, zamu ya kutazama ukuta ikawa yangu. Mume wangu alinipeleka kliniki mjini Kitale. Daktari, mama mmoja mpole, aliuliza kama kwetu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi. Nikamtajia mama na shangazi yake.

"Na wanaume?"

"Wanaume wetu hawaugui, daktari. Wanakunywa tu."

Akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba ugonjwa huu wa huzuni unaweza kupita katika damu ya ukoo, ingawa haumpati kila mtu. Kwamba wanawake ndio hugunduliwa nao zaidi, na wanaume wengi huuficha kwa hasira na pombe. Nikamkumbuka mjomba nyuma ya choo. Halafu nikamfikiria kaka yangu Wekesa, anayelima Endebess, ambaye siku hizi anakunywa tangu asubuhi.

Simlaumu Kukhu. Aliona vizuri kwamba kuna kitu kinarithiwa. Alikosea kudhani kinakaa kwenye jina, tena la mwanamke.

Nilimpigia Wekesa nikiwa bado kwenye benchi nje ya kliniki.

"Si niko sawa, bana," alisema.

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo."



"Huyo daktari," akauliza, "ati anatibu wanawake peke yao?"