Kompyuta Isiyo na Ubavu

Nakumbuka asubuhi ile umeme uliporudi kwa kishindo hapa Kanyenye, Tabora: maduka ya kuchapa yaliyopakana na langu yakatoa harufu ya plastiki iliyoungua, na kompyuta iliyowaka tena ikawa yangu peke yake, ile ambayo majirani walikuwa wakiicheka kwa kukosa ubavu. Ndani yake mlikuwa na mitihani ya shule nzima, ikisubiri kuchapwa.

Nirudi nyuma kidogo, mwanangu, maana kompyuta ile haikuanzia mjini. Ilianzia Urambo, kwenye tumbaku ya mama yangu. Msimu ule aliuza vizuri, akanipa fedha nikanunue vifaa Dar es Salaam, nije nifungue chumba cha kuchapa. Akanieleza wazi kwamba nyuma ya hizo hakuna nyingine. Mashine ikifa, nitarudi shambani kufunga majani. Mimi moyoni nilikuwa nimeshachagua: sanduku la kompyuta lenye kioo ubavuni na taa za buluu. Nikamsimulia tukiwa kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, yeye akichochea kuni.

"Na moto wake unatoka wapi?" akauliza.

"Kuna kifaa ndani, mama, kinaitwa pawa saplai. Ndicho kinachopokea umeme na kuugawa."

"Hicho utanunua kipi?"

"Chochote, kwa hela itakayobaki."

Akacheka bila kuniangalia. "Bani hili nililijenga kuanzia tanuri. Ukuta ukipasuka nausiriba, yanaisha. Tanuri likiwa bovu, jasho la msimu mzima linaungua. Babu zako walikwenda pwani kwa miguu wakarudi na shanga. Wewe unakwenda kwa treni, binti. Usiniletee shanga."

Nilinuna mpaka Morogoro. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo kijana huisikia akiwa ameshaukumbatia mkakasi wake. Lakini nilipofika Kariakoo nikaanza na tanuri: pawa saplai nzito, yenye dhamana. Kisha bodi, ubao unaobeba vifaa vyote, yenye nafasi za kuongezea kumbukumbu baadaye, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Prosesa, ubongo wa mashine, nikachukua iliyotumika, baada ya kuiona ikifanya kazi kwa macho yangu. Skrini ya mtumba. Sanduku nilipewa bure na fundi. Lilikuwa limepoteza ubavu mmoja, na waya zote zilionekana.

Masudi, jirani yangu aliyekuwa akipiga picha za pasipoti, alinikuta naiwasha.

"Dada, mbona umeivua nguo?"

"Inapunga upepo, kaka."

Siku ya kishindo alikuja mwenyewe, flashi yenye kazi zake mkononi, sauti chini. "Dada, ile inayopunga upepo bado inapumua?" Nikamvutia kiti. Mitihani ilitoka yote, na kazi za Masudi zikatoka pia. Mama aliposhuka kutoka Urambo na karanga zake, nikamwonyesha pawa saplai, kile kifaa kilichostahimili kishindo. Akakiwekea kiganja, kama anavyopima joto la bani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nimesifiwa na watu wengi tangu hapo, lakini kiganja kile ndicho ninachojivunia.

Basi mwanangu, wewe mwenye fedha kidogo na hamu kubwa, uliza kwanza kazi ya mashine yako, si sura yake. Weka fedha nzuri kwenye pawa saplai na bodi, kwa sababu hivyo vikiharibika huondoka na wenzao. Kinachoweza kuongezwa kesho, kiache kesho. Taa za kupendeza zije mashine ikishazilipia yenyewe. Na wakikucheka, wavutie kiti.

Mungu akupe jicho la kuchagua na subira ya kungoja, na umeme wa Tabora uingie kwako kwa adabu.

Ile yangu bado inawaka. Ubavu wake ndio sijaupata. Kila fundi ninayemuuliza ananiambia masanduku ya aina ile hayatengenezwi tena.