Maneno Kumi na Mawili ya Mama

Mama yangu aliuza samaki kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini. Nyumbani kwetu Karungu tulizungumza Dholuo; kwa Dholuo alisali, na kwa Dholuo alitukemea. Lakini akishafika sokoni Migori na beseni lake la samaki, mbuta na ngege, Dholuo ilibaki kwa wateja wa kwao, na wengine wote aliwahudumia kwa Kiswahili chake kisicho na ngeli hata moja. "Samaki yangu iko fresh, angalia macho yake, inakuona." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya wasichana mjini humo, na nakiri kwamba wanafunzi wangu wakipita pale kwake nilitamani anyamaze kidogo.

Siku ya ajali alikuwa akienda Rangwe kumwona dada yake. Aliposhuka kwenye gari akachukua boda boda amalizie safari. Pikapu ikakata kona kuingia kwenye kituo cha mafuta bila kuonyesha ishara. Mwendeshaji wa boda alivunjika mguu. Mama alirushwa, akaangukia kichwa, na hakuwa na kofia ya kujikinga.

Alizinduka hospitalini siku ya pili. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, naye akanitazama na kuniuliza kwa Dholuo kama nimekula. Nililia kwa furaha. Baada ya wiki moja tukaruhusiwa, na kwenye karatasi ya ruhusa daktari aliandika kwamba mgonjwa amepata jeraha dogo la kichwa na anaendelea vizuri. Nasi tulidhani hivyo. Maumivu ya kichwa yalikuwapo, na mara nyingine alisahau sufuria motoni, lakini alikuwa akitembea, akila, akicheka.

Aliyegundua tatizo ni jirani yake wa sokoni, Mkuria anayeuza wimbi na ndizi meza ya pili kutoka kwake. Urafiki wao ulikuwa wa miaka mingi, na lugha yao ilikuwa Kiswahili tu, kwa sababu mmoja hakujua Dholuo na mwingine hakujua Kikuria. Alikuja Karungu na mkungu mzima wa ndizi.

"Mama, pole sana. Kichwa iko namna gani sasa?"

Mama alitabasamu kwa adabu, akamjibu kwa Dholuo kwamba karibu, aketi. Jirani akarudia swali. Mama akanigeukia, bado kwa Dholuo: "Nyathina, mwanangu, mwambie huyu rafiki yangu simsikii. Anasema lugha gani?"

Jirani alidhani amekasirikiwa. Alianza kuomba msamaha kwa kuchelewa kuja, huku mama akimtazama kwa huruma asijue anaombwa nini. Hapo ndipo nilipojaribu mwenyewe. Nilisema, "Mama, lete maji." Nikasema, "Leo ni siku gani?" Hakuelewa hata neno moja. Kiswahili chote kilikuwa kimefutika, na sisi tuliokuwa tukikaa naye kwa wiki tatu hatukujua, kwa kuwa hatukumhitaji akizungumze.

Tulimpeleka hospitali nyingine kubwa, wakapiga picha ya ubongo. Daktari, kijana wa huku kwetu, alinieleza kwamba jeraha la namna hiyo linaweza kumwachia mtu lugha yake ya kwanza na kumwondolea ile aliyojifunza ukubwani. Inaweza kurudi, au isirudi. Mama alimsikiliza akielezwa kwa Dholuo, kisha akauliza swali moja tu: atauzaje samaki?

Nilimwambia mtoto wake ni mwalimu wa Kiswahili, asiwe na wasiwasi. Nilinunua daftari. Nilianza na ngeli ya kwanza: mtu, watu, mkulima, wakulima. Kila Jumamosi nilifunga safari hadi Karungu na chaki zangu, na kila Jumamosi alikuwa amesahau wakulima wote. Jumamosi ya nne alilifunga daftari taratibu, akasema kwamba hajawahi kumwuzia mkulima yeyote samaki kwa kumwita mkulima.

Jirani yake alitumia njia nyingine. Mama aliporudi sokoni, yeye alihamisha meza ya wimbi ikagusana na ya samaki. Mteja akiuliza bei, jirani alimnong'oneza mama jibu, naye akalirudia. Mteja akiondoka, waliliimba neno lile wote wawili huku wakichambua wimbi. Baada ya miezi mitatu mama alikuwa na maneno yake kadhaa, na aliyatumia kwa kujiamini hata pale yasipohusika.

Kesi ya kudai fidia tulifungua Homa Bay, na ikachukua muda kuliko nilivyowaza. Wakili wetu, mwanamke asiyependa kupoteza maneno, alinionya mapema. "Mguu uliovunjika hakimu anauona," alisema. "Hiki cha mama yako hakionekani. Tutakuwa na kazi." Kweli kampuni ya bima ya pikapu iliishikilia ile karatasi ya kwanza yenye jeraha dogo. Kisha daktari wao akampima mama. Alimwuliza maswali kwa Kiswahili kwa dakika kumi, mama akikaa kimya na kutabasamu, halafu akaandika kwamba mgonjwa amekataa kushirikiana. Nilimwomba wakili wetu anifafanulie mara mbili, nikidhani sikusikia vizuri.

Siku ya kusikilizwa tulitoka Migori watatu, mama, jirani na mimi. Mama alivaa gauni lake la kanisani. Daktari wetu alitoa ushahidi wake, akaonyesha picha za ubongo. Mama naye akaeleza ajali kwa Dholuo kupitia mkalimani wa mahakama. Ndipo wakili wa bima akaomba kuonyesha video.

Walikuwa wamemtuma mtu sokoni ajifanye mteja, amrekodi kwa simu. Kwenye video mama anaonekana amesimama nyuma ya beseni. "Karibu," anasema. Mtu yule anauliza bei. "Mia mbili." Anaomba apunguziwe. "Hapana." Anaondoka, na mama anamwambia, "Kwaheri."

"Mheshimiwa," wakili wa bima alisema, "tumeambiwa huyu mama hajui Kiswahili. Mahakama imejionea."

Niliwaza miezi yote ile ya kwenda na kurudi, nikawaza pia, Mungu anisamehe, kwamba laiti angejifunza polepole zaidi.

Wakili wetu alimwita jirani. Alipanda kizimbani na kikapu chake mkononi, akaapa, akasimama wima.

"Hayo maneno ni mimi nilimpea," alisema.

"Una maana gani ulimpea?"

"Nilimfundisha. Zile za kwanza zilipotea kwa ajali. Nimempea kumi na mbili, na hapo kwa video ametumia nne. Zingine nane bado ako nazo. Muulize atakuambia."

Wakili wa bima alipinga. Hakimu, mzee wa miwani aliyekuwa akiandika kwa kalamu bila kuinua kichwa tangu asubuhi, aliweka kalamu chini. Alimwomba mkalimani amwambie mama ayataje maneno yote ya Kiswahili anayoyajua.

Mama alisimama, jirani akampisha kizimbani. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akamtazama jirani yake, kisha akaanza kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani: "Samaki. Mia. Mia mbili. Mia tatu. Karibu. Asante. Hapana. Punguza. Ongeza. Kesho. Kwaheri." Akafikiri kidogo. "Mwizi."

Watu waliangua kicheko hadi karani akaomba utulivu. Hakimu alisubiri, halafu akamwinamia mama na kumwuliza yeye mwenyewe, polepole, kwa Kiswahili kizuri: "Mama, leo uliamka saa ngapi?"

Mama alimwangalia kwa makini. Niliona akilitafuta jibu, akipekua kila alichokuwa nacho, akitaka sana kumjibu mtu huyu aliyemwuliza kwa upole.

"Mia tatu," alisema.

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Wakili wa bima alikaa. Hakimu alichukua kalamu na kuandika kwa muda mrefu, na mimi nikatazama sakafu kwa kuwa sikutaka mama anione. Tulipotoka nje aliniuliza yule mzee alitaka kujua nini. Nilipomweleza, alicheka hadi akajishika ubavu, akasema laiti angejua, angemwambia ukweli, kwamba hakulala kabisa kwa woga.

Tulishinda, ingawa si kwa kila tulichoomba. Hakimu alisema daktari asiyezungumza lugha ya mgonjwa hawezi kujua kama mgonjwa amekataa kumjibu. Alisema pia kwamba mama alipaswa kuvaa kofia, na kwa hilo sehemu ya lawama ni yake. Mama aliona ni haki. Fidia ilichelewa kulipwa, ikalipwa hatimaye, naye akanunua friza. Siku hizi huja Migori siku tatu kwa wiki, na siku nyingine hupumzisha kichwa. Hukasirika haraka kuliko zamani na kutulia haraka vilevile. Maneno yake sasa yamepita mia, na sijaingiza ngeli hata moja humo.

Desemba iliyopita jirani alimwoza binti yake upande wa Isebania, na mama alipewa nafasi ya kusema neno kama mzazi. Alisimama, akakitazama Kiswahili chake, akakiona hakitoshi kwa siku kubwa namna hiyo. Akazungumza kwa Dholuo kama robo saa hivi: jinsi walivyofahamiana, jinsi meza zilivyogusana, na kwamba bibi harusi asiache mtu mwingine amchagulie maneno. Jirani alisimama kando yake na kila baada ya sentensi chache alitafsiri kwa Kikuria, bila kusita. Wageni walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele.

Baadaye nilimfuata jirani pale kwenye masufuria. Nilimwuliza tangu lini anajua Dholuo.

"Sijui hata moja," alisema.

"Sasa umewatafsiria nini?"

Aliniwekea kipande cha nyama kwenye sahani yangu, halafu kingine. "Nimesema vile mama yako alikuwa anasema, nilimwona kwa uso. Kula, mwalimu, inapoa."