Steringi Niliyemchagua Mimi

Aibu hii naomba niisimulie nikiwa nimekaa. Waliokuwepo ukumbini Newtown siku ile wakinikuta dukani kwangu Troyeville wananiita "mtafsiri" halafu wanaangalia pembeni, kwa hiyo bora niseme mwenyewe.

Kabla sijaja huku Joburg kutengeneza simu, nilikuwa natafsiri filamu kwenye mabanda ya video kule Tanga, nimekaa na maiki, watu wanabwabwaja kwenye skrini na mimi nawasemea (Kichina sikijui, Kihindi sikijui, na hakuna aliyewahi kudai kiingilio chake). Basi, nikiwa huku, akanipigia simu mama mmoja Mkenya wa benki, Mama Njeri. Jirani yake Kensington, hapa hapa Joburg, ni Bibi Dorothy, mzungu wa miaka tisini na ushee, kalelewa Tanga na yaya Mdigo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Baba yake alikuwa mwigizaji Uingereza, kwanza wa jukwaani, baadaye wa zile filamu za kale zisizo na sauti, akafa huko huko Bibi bado ananyonya, kabla mama yake hajampeleka Tanga. Sasa filamu moja ya huyo baba imepatikana huko Uingereza, na Bibi macho yameshakwisha, haoni kitu. Siku yake ya kuzaliwa alitaka mtu amwonyeshe baba yake kwa mdomo, kwa Kiswahili cha yaya wake, mbele ya watu.

Mama Njeri akanitumia filamu na barua iliyokuja nayo. "Bibi amekataa kusomewa, anasema atamjua babake kwa hiyo filamu. Lakini wewe isome."

Nikamjibu sharp, mama, hamna shida. Sikuisoma. Na filamu sikuifungua, bando lilikuwa linaishia na jioni ile kulikuwa na mpira, nikajiambia, Shabani wewe, umewatafsiri Wachina miaka sita bila kujiandaa, utashindwa na Mwingereza asiyetoa hata sauti?

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa, Watanga, Wakongo, Wakenya na watoto wao. Mama Njeri hajafika. Bibi yuko mstari wa mbele, kavaa lulu zake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono.

"Mwanangu, usimruke hata hatua moja. Mimi sijawahi kumwona."

"Bibi, ondoa shaka."

Filamu ikaanza, majina ya waigizaji yakapita wakati mimi nasalimia wageni kwenye maiki (ndiyo, nilikuwa nasalimia). Mara akatokea kijana mtanashati juu ya farasi. Nikasema moyoni, huyu ndiye steringi, shujaa wa filamu, na mtu hatafutiwi filamu ya kale kwa ajili ya adui. "Bibi, baba yako huyo! Kifua mbele, anamkonyeza binti dirishani!" Bibi akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi kichwa kikavimba.

Kisha akaingia adui, mwembamba, mashavu yamebonyea. Mungu anisamehe, nilimpa sauti ya mbuzi. Nikamwita fisi, nikamcheka pua, nikamcheka mwendo, na watu wanazomea, na kadiri wanavyozomea ndivyo nilivyozidisha. Mwisho steringi akamsukuma mtoni. Alichukua muda mrefu kufa, mkono wake ukabaki juu ya maji, na mimi nikapiga kelele, "Kufa, fisi wee, kufa!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Bibi naye akapiga, akisema, "Hongera, baba! Hongera!"

Hapo ndipo Mama Njeri alipofika, amecheleweshwa na robot, yaani taa za barabarani, zilizokuwa zimezima njia nzima, kabeba picha kubwa ya baba wa Bibi, iliyotumwa pamoja na filamu, ya kuweka kwenye meza ya keki. Akaangalia skrini, akaangalia picha, akanijia mbio na kuninong'oneza.

"Shabani, huyo unayemuua ndiye babake! Hukusoma ile barua?"

Maiki ilikuwa wazi. Ukumbi wote ulisikia.

Bibi mikono yake ilikuwa bado imekutana. "Nani? Yule wa mtoni?" Akaishusha mapajani. "Nimempigia makofi," akasema, tena kwa sauti ndogo sana, akaomba arudishwe nyumbani. Keki haikukatwa.

Barua niliisoma chooni palepale. Nusu ukurasa tu, jamani. Jukwaani alicheza wafalme miaka ishirini, wenye filamu walipoiona sura yake wakampa nafasi za adui tu, na filamu zilipoanza kutoa sauti hakuna aliyemwita tena.

Jumatatu nikaenda Kensington, filamu nimeshaitazama mara nne. Nikapiga magoti. "Bibi, nisamehe, nimekuja nikusimulie upya, kwa haki, anavyotembea, anavyoshika kofia, kila kitu."

Akanipapasa kichwa, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Lakini sasa nitajuaje kama ni yeye?"

Maiki sijaishika tena, na sitaishika.