Shanga Zilizogoma Kushikana

Chini ya kitanda cha Mama Vumbi, vumbi lilishikana lenyewe bila kuombwa. Ukifagia asubuhi, jioni limeshajiviringisha na nywele na nyuzi za zulia, likawa madonge mepesi yanayokimbia mbele ya ufagio. Kazini, alikolipwa kulishikanisha, liligoma. Dada yake, mshonaji, hakuchoka kumtania: aache chuo, akasomee uvunguni mwa cherehani yake, huko sayari ziko tayari.

Jina la Mama Vumbi alipewa na wanafunzi, naye alishachoka kulikana. Alikuwa mhadhiri wa fizikia mwenye swali moja. Nyota changa huzungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Vumbi hilo, laini kuliko unga, hushikana likawa chembe, na mwishowe hupatikana mawe makubwa kama milima, ambayo huvutana na kugongana hadi yakawa sayari. Mwanzo unaeleweka, na mwisho nao angalau una maelezo. Katikati ndipo pa kumtia mtu wazimu. Chembe zikifikia ukubwa wa punje ya mchanga, hazishikani tena. Zinagongana, zinadunda, kila moja na hamsini zake.

Maabara yake ilikuwa chumba cha chini, chenye bomba nene la chuma lililopanda kando ya ngazi hadi darini. Hewa ilinyonywa bombani, shanga ndogo za kioo, badala ya chembe hizo, zikaachiwa kutoka juu, na kamera ikaanguka sambamba nazo, ikizipiga picha zikielea kana kwamba hazina uzito. Kila picha ilisema yale yale. Mkuu wa idara alishazichoka. Alikitaka chumba kwa ajili ya makabati, na alikuwa amesema bila kupepesa macho kwamba Ijumaa angekuja kuangalia. Kama hakuna jipya, makabati yanaingia.

Jumatano fundi wa maabara aliweka shanga kwenye mashine ya kutikisa, kama kawaida, ili zitengane. Baada ya hapo, kwa amri ya Mama Vumbi, zilipulizwa hewa maalumu ya kuondoa umeme, ule unaofanya nywele zifuate kitana. Umeme huo aliuona uchafu tu. Lakini siku hiyo shemeji wa fundi alipiga simu kuhusu geti lililochomelewa kichwa chini. Wakabishana weee, mashine ikiendelea kutikisa. Fundi alipokata simu damu ilikuwa imemchemka, akazipakia shanga bombani moja kwa moja na kuwasha pampu.

"Umezipuliza?" Mama Vumbi aliuliza, hewa ikiwa imeshaisha bombani.

Fundi alilitazama bomba kana kwamba litamjibia. "Nimepitiwa, Dokta. Na tukifungua sasa, asubuhi yote imekwenda na maji."

Mama Vumbi alisema mengi, na mengine hayakumhusu fundi hata kidogo: makabati, mkuu, watu wanaochomelea mageti bila kuangalia. Kisha akamwambia aziachie tu, zidunde kama zilivyozoea.

Zilidunda. Halafu zikarudi. Mbili zikanasana, ya tatu ikavutwa ubavuni, na kabla kamera haijafika chini kilielea kishada kikubwa kama zabibu.

Hakushangilia. Alivuta kiti akakaa, uso umemkunjamana. Kugongana kwenyewe, mle kwenye mashine ya kutikisa, ndiko kulikozitia shanga umeme, na umeme ndio uliozishika. Huko kwenye sahani za nyota hakuna mtu wa kuzipuliza chembe.

"Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikilifuta jibu kwa mkono wangu mwenyewe."

Fundi, akidhani bado anagombezwa, aliapa hatasahau tena.

"Sahau," alimwambia. "Na shemeji yako akipiga, mjibu kwa kirefu."

Alhamisi walizipuliza, zikadunda na kuachana. Ijumaa hawakuzipuliza, zikashikana mbele ya mkuu, ambaye alikuja na wabebaji na kabati la kwanza. Aliuliza kama hiyo ndiyo sayari. Mama Vumbi akajizuia, akaeleza kwamba bado sana: vishada kama hivyo lazima gesi ivisombe pamoja, vijae mahali pamoja mpaka uzito wavyo wenyewe uviporomoshe kwa ndani, viwe jiwe la ukubwa wa mlima. Ila pale pa kukwama pamevukwa.

"Haiwezi kuwa uchafu tu?" mkuu aliuliza.

"Ni uchafu," alisema. "Ule niliokuwa nausafisha."

Mkuu aliguna. Chumba kikabaki chake. Wabebaji waliambiwa waache mzigo hapo hapo ulipo, yaani mlangoni, na hakuna aliyerudi kuuondoa. Hadi leo Mama Vumbi huingia kazini kwa ubavu, sweta lake la nailoni likijisugua kwenye kabati, na kila akishika kitasa hupigwa shoti. Husonya, akaingia.